Kumpokea na Kusimama Naye
Neno juu ya wanawake walio wakuu wa kazi za Dayosisi, lililosemwa mbele ya waalimu na wazee wa kanisa katika juma la Jubilii



Tumepewa nusu saa katika juma hili la furaha tuseme nanyi juu ya wanawake waliowekwa kuwa wakuu wa kazi zetu: wakuu wa shule, matroni wa hospitali, waweka hazina, makatibu wa idara. Hatukuombwa kuwasifu. Sifa zao mmekwisha kuzisikia tangu Jumapili, na vigelegele vimepigwa hata watoto wadogo wameziba masikio. Neno tuliloombwa kulisema ni gumu zaidi, nalo ni hili: kwa nini wengi wao hawakai? Mwanamke huwekwa kwa shangwe, na baada ya miaka miwili au mitatu twasikia kwamba ameomba kurudi darasani, au amekwenda kutumika mahali pengine, na sisi twaanza tena kutafuta mtu.

Na tufungue Waraka kwa Warumi, sura ya 16. Wengi wetu tukifika sura hiyo twapita upesi, kwa kuwa twaona ni orodha ya majina ya watu wa kale. Walakini jina la kwanza katika orodha hiyo ni la mwanamke, Fibi, mhudumu wa kanisa la Kenkrea, ndiyo bandari ya Korintho upande wa mashariki. Wataalamu wengi wa Maandiko wahesabu kwamba yeye ndiye aliyeuchukua waraka wenyewe mpaka Rumi. Paulo asema kwamba mwanamke huyu amewasaidia watu wengi, na yeye Paulo miongoni mwao. Na neno la Kiyunani alilolitumia juu yake si la mtu wa kutumwa tu, ni la mlinzi, mtu asimamaye mbele ya wengine.

Basi Paulo awaomba Warumi mambo mawili juu ya Fibi. La kwanza, wampokee kama iwapasavyo watakatifu. La pili, wasimame naye katika neno lolote atakalohitaji kwao. Tafadhali yaangalieni mambo hayo mawili, kwani ndiyo maneno yetu yote ya leo. La kwanza twalijua sana. Twajua kupokea: twatandika kanga njiani, twachinja, twaimba, twatoa zawadi ya kitenge na jogoo. La pili, la kusimama naye katika neno lolote analohitaji, hilo ndilo tusilolijua vema. Paulo hakuwaachia Warumi wachague moja katika hayo mawili.

Mama wa Umoja wa Kina Mama wanajua habari za Mary Sumner, mke wa padre wa Old Alresford katika Uingereza, aliyeuanzisha Umoja huo mwaka 1876. Huenda wengine hapa hawajui jinsi alivyoanza. Siku ya mkutano wa kwanza, wanawake walipokwisha kukusanyika nyumbani kwake, alishikwa na hofu hata hakuweza kusema nao, akawaomba warudi juma la pili. Nao walirudi. Twapenda sana habari hiyo, na twaona kwamba heshima yake si ya Mary Sumner peke yake. Wanawake wale wangaliweza kucheka wakaenda zao, wakasimulia kisimani kwamba mke wa padre hawezi kunena. Hawakufanya hivyo, walimpa juma moja, wakarudi, na juma la pili alisema.

Baada ya hayo ikapita karibu miaka 10, na kazi yake haikuvuka mipaka ya parokia. Mwaka 1885 palikuwa na mkutano mkuu wa Kanisa katika mji wa Portsmouth. Askofu Ernest Wilberforce wa Newcastle alikuwa ameombwa aseme na wanawake wa mji ule, naye akaona ya kuwa hana la kuwafaa, akampa Mary Sumner nafasi yake aseme badala yake. Tangu siku ile Umoja ulienea, katika dayosisi ya Winchester kwanza, kisha katika nyingine, hata ukafika kwetu. Hapo mwaona tena mambo yale mawili. Askofu hakumwambia, "Umekaribishwa, keti." Alisimama, akatoka mahali pake mwenyewe, akampa.

Tukitoka Uingereza tukaja pwani yetu, hatuna budi kufika Mbweni. Misheni ya UMCA ilikuja Unguja mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer. Mwaka 1871 ikalinunua shamba la Mbweni, kusini ya mji. Na tangu mwaka 1874 watu waliookolewa katika majahazi ya watumwa wakawa wakikalishwa pale. Shule ya wasichana ya Mbweni ilikuwa mkononi mwa Bibi Caroline Thackeray tangu mwaka 1877 hata mwaka 1902, yaani miaka 25. Na alipoiacha kazi hakurudi kwao, bali alikaa Unguja mpaka alipofariki mwaka 1926.

Twauliza, mwanamke huyu alidumuje miaka 25? Watu hujibu upesi: alikuwa na moyo wa kutumika. Ni kweli, wala hatumpunguzii. Lakini alikuwa na vitu vingine ambavyo si vya moyo. Alikuwa na nyumba pale pale pa kazi. Alikuwa na shule ambayo kila mtu alijua kuwa ni yeye aitawalaye. Nyuma yake ilikuwako Misheni, na Wakristo wa ng'ambo waliomwombea na kuleta matoleo. Mtu mwenye moyo, akiwa na vitu hivyo, hudumu. Na mtu mwenye moyo ule ule, akivikosa, huchoka. Wasichana aliowafundisha, ambao wengine walikuwa waalimu wenyewe, waliolewa na waalimu na wasomaji, wakafuatana nao mpaka bara. Huko walifundisha, waliuguza, waliwakusanya wanawake kwa sala. Lakini kazi ya mke wa mwalimu mara nyingi ilihesabiwa kuwa ni fungu la kazi ya mumewe, na daftari za mishahara zilimjua mmoja tu.

Na hapa tuseme kidogo na wale wasemao kwamba mambo haya ni desturi zetu Waafrika, na kwamba tusizivunje. Kule Uingereza, kulikotoka waalimu wetu wa kwanza, mwalimu mwanamke aliyeolewa aliweza kuondolewa kazini kwa sababu ya ndoa tu, wala si kwa kosa, mpaka sheria ya elimu ya mwaka 1944 ilipokataza. Basi wengine tunaodhani kwamba twalinda mila ya babu zetu, twalinda kanuni ya ofisi iliyokuja kwa meli, na wenyewe wamekwisha kuitupa.

Tuje sasa kwa mambo ya siku zetu. Twamjua mwanamke mmoja, jina lake hatulitaji wala la shule yake, aliyewekwa kuwa mkuu wa shule ya wasichana. Ibada ya kumweka ilikuwa nzuri mno. Kesho yake aliomba ufunguo wa ghala, akaambiwa kwamba uko kwa msaidizi wake, mzee aliyekaa shuleni miaka mingi, na si vizuri kumvunjia heshima. Aliomba kuona daftari la fedha, akaambiwa kwamba sahihi za benki ni za mwenyekiti na mzee mmoja wa kanisa, na kwamba yeye ataletewa habari. Habari hakuletewa, alisikia sokoni, kwa mwuza mahindi, kwamba shule imenunua magunia 40. Nyumba ya mkuu wa shule ilikuwa bado inakaliwa na jamaa ya yule aliyetangulia, kwa hiyo alipanga chumba mbali, akawa akitembea alfajiri na usiku. Na kwa kuwa alionekana akitembea usiku, watu walipata la kusema.

Alijifungua mtoto. Aliporudi kazini aliikuta meza yake imepewa mwingine, kwa muda tu, na muda huo haukwisha. Ndipo alipoandika barua ya kuomba kurudi darasani. Baraza likakubali siku ile ile, na katika daftari la mkutano pakaandikwa kwamba ameiacha kazi kwa "sababu za nyumbani". Maneno matatu tu. Nasi twawaambia ninyi mliokaa hapa kwamba nyumbani kwake hapakuwa na sababu yoyote. Mumewe alikuwa akipika, akimbeba mtoto, akimngoja njiani kwa taa. Sababu zilikuwa shuleni.

Mwanamke huyu alipokewa. Hakuna aliyesimama naye.

Wahenga walisema, kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Kumweka mtu katika cheo ni kazi ya asubuhi moja. Kumlinda asianguke nacho ni kazi ya miaka. Na katika mambo yote ya kumlinda, sisi twaliweka la ufunguo mbele. Anayeambiwa kwamba yeye ni mkuu, na ufunguo wa ghala uko kwa mwingine, na sahihi ya fedha iko kwa mwingine, huyo amepewa lawama bila mamlaka. Fedha ikipotea ataulizwa yeye. Wasichana wakilala njaa ataulizwa yeye. Mwanamume akiwekwa hivyo naye hawezi. Ila mwanamume hawekwi hivyo mara nyingi, kwa kuwa siku ya kwanza atapiga meza na kudai funguo zake, na watu watasema, huyu ni mkuu kweli. Mwanamke akipiga meza, watu husema ana kiburi. Twajua kwamba mmecheka kwa sababu mmeyaona.

Neno la uzazi tutalisema kwa sauti, ingawa wazee wengine huinamisha vichwa likitajwa kanisani. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, yampa mwanamke aliyejifungua likizo ya siku 84 pamoja na mshahara wake, na siku 100 akijifungua watoto zaidi ya mmoja. Akirudi, apewa nafasi ya kunyonyesha saa za kazi, hata saa mbili kwa siku. Tena ana haki ya kurudi katika kazi yake kwa masharti yale yale. Sheria hii haiulizi kama mwajiri ni duka, au serikali, au Kanisa. Nasi twaona haya kwamba yatupasa kuisoma hapa, katika nyumba ya watu wanaosherehekea kila mwaka kuzaliwa kwa Mtoto. Ingalifaa sisi tuwe mbele ya sheria, wala si nyuma yake.

Jambo la msaidizi nalo linahitaji akili. Wakati Israeli walipopigana na Amaleki, Musa aliinua mikono yake juu ya kilima, na mikono ikawa mizito. Haruni na Huri walifanya mambo mawili: walileta jiwe, wakamkalisha, kisha wakaitegemeza mikono yake, mmoja huku na mmoja huku, hata jua likachwa. Hawakumwambia ashuke kwa kuwa amechoka, wala hawakuichukua fimbo yake wakaiinua wao. Msaidizi wa mkuu aliye mwanamke afanye vivyo hivyo. Katika shule nyingine twaona msaidizi aliyedhani kwamba cheo kingekuwa chake, naye hategemezi mikono, bali aihesabu dakika mpaka iteremke. Baraza likiona hivyo limhamishe huyo msaidizi mapema, kwa upole na kwa cheo kinachomfaa, kuliko kungoja mpaka ahame mwanamke.

Tunao mfano ulio karibu nasi wa wanawake wanaoongozana wenyewe na kudumu. Huko Masasi kilianzishwa mwaka 1946 Chama cha Mariamu Mtakatifu, masista wa nchi hii, nao walilelewa na masista wa chama kingine ambacho Askofu Frank Weston wa Unguja alikianzisha mwaka 1911. Masista wale wa kwanza walikwenda kwao. Chama cha Masasi kimebaki, na Mama Mkuu wake ni binti wa nchi. Tazameni wanavyofanya. Mkuu wao huchaguliwa na masista wenyewe, wala haletwi usiku kwa barua. Ana kanuni iliyoandikwa, kila mmoja aijua, hata hakuna wa kumwambia leo hivi na kesho vile. Analo baraza la kushauriana nalo. Na akimaliza kazi ya uongozi hafukuzwi wala haoni aibu. Yuko nyumbani kwake bado, na yule aliye mkuu mpya anaweza kumwendea jioni na kumwuliza. Hilo la mwisho twalitamani kuliko yote. Katika Dayosisi yetu, mwanamke akiacha cheo, ujuzi wake huondoka naye, na yule ajaye huanza tena peke yake kama kwamba hajapata mtu kupita njia ile.

Wengine watauliza kama neno hili lafika hata upadre na uaskofu. Hilo ni neno la Sinodi, na majimbo ya Kanisa letu hayakulijibu kwa namna moja. Hatukuja leo kulikata. Hata wale wasiokubaliana juu ya madhabahu hawana shaka juu ya ghala na daftari, na humo ndimo tunamopoteza watu. Lakini twaweza kujifunza kwa majirani. Kenya, Askofu Henry Okullu alimpa Lucia Okuthe upadre mwaka 1983. Na mwanamke wa kwanza kuwa askofu mwenye dayosisi katika nchi hiyo, Rose Okeno wa Butere, aliwekwa Septemba mwaka 2021. Hesabuni: ni miaka 38. Ngazi ndefu namna hiyo haipandwi na mtu mmoja kwa mruko mmoja. Yahitaji wanawake wengi wakae katika vidaraja vya katikati, mwaka kwa mwaka. Kila anayeshuka kwa kuchoshwa aacha kidaraja kitupu, na msichana aliye chini hutazama juu asione mtu.

Na Ellinah Wamukoya, aliyewekwa kuwa askofu wa Swaziland tarehe 17 Novemba 2012, mwanamke wa kwanza katika maaskofu wa Kianglikana wa Afrika, alifanya kazi yake mpaka kufa kwake Januari 2021. Kabla ya uaskofu alikuwa mkuu wa watendaji wa halmashauri ya mji wa Manzini. Alijua bajeti, alijua watumishi, alijua maji na taka na kodi za mji. Twamshukuru Mungu kwa ajili yake, na papo hapo twauliza: je, mafunzo ya uongozi kwa wanawake wetu tutayaachia halmashauri za miji, sisi tungoje kupokea walioiva?

Katika Torati, sura ya 25 ya Walawi, mwaka wa jubilii haukuwa mwaka wa ngoma na chakula peke yake. Baragumu ilipopigwa, kila mtu aliirudia milki yake, na aliyekuwa ameshikiliwa aliachiliwa. Ilikuwa mwaka wa kurudisha. Basi tumewaza ni nini kinachotupasa kurudisha mwaka huu, na tumeyaandika machache, ambayo Baba Askofu ametupa ruhusa kuyaweka mbele yenu.

Twaomba kila mwanamke anayewekwa kuwa mkuu apewe barua siku ile ile ya kuwekwa, si baadaye, na barua itaje ni fedha zipi atatia sahihi, ni funguo zipi zake, na ni nani atakayemjibu akiwa na shida. Funguo zitolewe mbele ya watu, kanisani, baada ya baraka. Ziwe ni sehemu ya ibada. Nyumba ya mkuu iwe tupu kabla hajafika. Kwa habari ya mume, mabaraza yaache kumwita mume wa mkuu wa shule na kumwuliza juu ya shule; akiitwa, na ajibu kama alivyojibu mmoja tumjuaye: "Mimi ni fundi cherehani; mwulizeni mkuu."

Umoja wa Kina Mama twawaomba jambo moja tu, nalo ni lile lililofanywa na wanawake wa Old Alresford. Mwenzenu akikosea katika mkutano wake wa kwanza, au akashindwa na sauti, rudini juma la pili.

Na kwa waalimu: wale kati yenu walio na wasichana wenye akili ya hesabu, wafundisheni daftari la fedha wakiwa wangali shuleni, msiwapeleke wote kwenye upishi wa sherehe. Twasema hivi tukijua kwamba upishi wa juma hili umefanywa na wasichana wa kidato cha tatu, na kwamba wali ulikuwa mzuri.

Mwisho, katibu wa Dayosisi atazipa parokia zote karatasi moja ya kujaza kabla ya kikao kijacho cha Sinodi. Yauliza majina ya wanawake waliowekwa kuwa wakuu wa kazi yoyote katika miaka 10 iliyopita, na wangapi wangali wakiifanya. Pale patakapokuwa na jina la mmoja aliyeacha, tafadhali msiandike ninyi sababu yake. Mpelekeeni karatasi aliko, mpeni kalamu, aandike yeye, na kama mstari mmoja haumtoshi, ageuze upande wa pili.